Kelele na mkwaruzo ni kitu kimoja? Mwalimu kalikata neno la mwanangu, naomba wajuzi mje

#1. Mwana wa Fundi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mwanangu yuko darasa la sita hapa Mwanza. Wiki iliyopita waliandikishwa insha kuhusu mtu wanayempenda nyumbani, naye akamchagua babu yake, yaani baba yangu mzazi. Katikati ya insha kaandika: "Sauti ya babu ina mikwaruzo kama mtumbwi ukivutwa juu ya mawe." Mwalimu kalikata neno mikwaruzo kwa wino mwekundu, juu yake kaandika "kelele", na alama zikapungua.

Alama sizidai. Kilichoniuma ni kwamba ile ndiyo sentensi bora ya insha nzima. Nilikwenda shuleni, tukasalimiana vizuri, nikauliza kwa upole. Nikajibiwa kwamba mikwaruzo ni ya gari lililoparazwa ubavuni au ya watu waliokosana, na kwamba sauti isiyopendeza kwa Kiswahili ni kelele, basi. Sikubishana mbele ya mtoto. Lakini tangu juzi sijatulia.

Ninavyojua mimi, kelele ni habari ya ukubwa na wingi wa sauti. Watoto wakicheza wanapiga kelele, na kila mmoja wao ana sauti nyororo. Harusi ina kelele. Mwaloni pale Kirumba alfajiri, magunia ya dagaa yakishushwa, ni kelele tupu, na mwenye mzigo wake anazisikia tamu. Hata mtu akitaka wenzake wanyamaze anafoka "Kelele!", na kila mmoja anajua kinachokatazwa ni ule wingi. Hakuna anayeulizwa sauti yake ni nzuri au mbaya.

Mkwaruzo ni habari ya umbile la sauti. Unaweza kuwa mdogo kabisa. Kijiko kikiburuzwa chini ya sufuria, jirani hasikii kitu, lakini wewe uliyekishika meno yanakufa ganzi. Hiyo nayo utaiita kelele?

Baba ni fundi wa mitumbwi, ingawa sasa nguvu zimepungua. Kwetu neno hili lilikuwa la kila siku. Ubao usiopigwa randa vizuri unakwaruza kiganja. Msumeno butu unakwaruza. Mtumbwi ukitolewa majini na watu wasipounyanyua sawasawa, mkuku, ule ubao wa chini kabisa, unakwaruza mawe, naye mzee hapo ndipo anapopiga kelele za kweli: "Nyanyueni, msikwaluze!" Ndiyo, msikwaluze. Kisukuma hakina r, na wazee wetu wengi hupitisha l hata kwenye Kiswahili. Kwa hiyo mimi neno lenyewe nililisikia kwanza likiwa limelainishwa, halafu shuleni ndipo nikakutana na ile r yake.

Naomba mniambie. Mtoto kakosea, au sisi watu wazima tumeanza kulisahau neno?

#2. Jirani wa Mabatini

Mtoto hajakosea hata kidogo. Mpe pongezi zake. Nakaa hapa kusoma wengine.

#3. Dereva wa Igoma

Mleta uzi, naendesha daladala njia ya Igoma mwaka wa kumi na moja huu. Nikuambie kitu ambacho kwangu si cha insha, ni cha roho za watu.

Breki zina lugha mbili. Ya kwanza zinalia. Unakanyaga, unasikia mlio mwembamba, mrefu, kama filimbi. Pedi nyingi zina kibati kidogo kimewekwa makusudi kiwandani, pedi ikilika kikagusa diski kinapiga mlio kukuonya. Hapo bado una siku chache za kutafuta pedi mpya. Lugha ya pili zinakwaruza. Hapo pedi imekwisha, ni chuma juu ya chuma, na diski inachimbwa. Hapo hapabaki siku. Shusha abiria, nenda kwa fundi.

Sasa nikimpigia fundi simu nikamwambia "gari lina kelele", atanielewa nini? Kelele za ekzosi? Za mlango? Za shokapu? Swali lake la kwanza siku zote ni hilo: linalia, linagonga, linavuma au linakwaruza? Maneno manne, magonjwa manne. Kinacholia kinateleza kwa shida. Kinachogonga kimelegea. Kinachovuma mara nyingi ni beringi inayoanza kufa. Kinachokwaruza kimeshagusana na kisichopaswa kukigusa.

Mwambie mwalimu aje siku moja akae kiti cha mbele.

#4. Mwana wa Fundi

Dereva, umenipa zaidi ya nilichoomba. "Kimeshagusana na kisichopaswa kukigusa." Nimeliandika hilo kwenye daftari.

#5. Mkufunzi Mstaafu

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba nimtetee mwalimu kidogo, kwa sababu naona anapigwa mawe peke yake.

Kukwaruza ni neno la ngozi kwanza, la sikio baadaye. Maana yake ya msingi ni kitu kikavu au kikali kupita juu ya kingine na kuacha alama. Sauti ni matokeo ya tendo hilo. Mwalimu aliyezoea maana ya msingi akiona "sauti ina mikwaruzo" anaweza kudhani mtoto kachanganya mambo. Kosa lake ni kulikata bila kumuuliza mtoto. Hilo ndilo kubwa.

Kwa sababu Kiswahili kinahamisha maneno toka ngozini kwenda sikioni kila siku bila kuomba ruhusa. Sauti nyororo: nyororo ni neno la kushika. Sauti nzito: uzito ni wa kubeba. Sauti kavu, sauti kali, sauti laini. Nani amewahi kuilamba sauti akajua ni kali? Kama tumekubali sauti nyororo, hatuna sababu ya kuikataa sauti yenye mikwaruzo, maana ni pande mbili za mkono uleule. Na tumeshalihamisha tena kutoka sikioni kwenda moyoni: wana ndoa wamekwaruzana, vyama vina mikwaruzano. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, ndivyo tunavyosema, lakini kugongana kunakwisha mara moja, ilhali waliokwaruzana wanabaki na alama.

Jambo lingine. Lisemeni neno lenyewe polepole: kwa-ru-za. Lina tanakali sauti ndani yake. Tunamfundisha mtoto kwamba kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu, kizito kikitua ni pu. Hakuna anayesema jiwe limeanguka majini tifu. Sikio la Kiswahili linagawa sauti kwa umbile tangu utotoni. Kuziita zote kelele ni kumnyang'anya mtoto kitu alichokuja nacho kutoka nyumbani.

#6. Mama wa Mwaloni

Shikamoo mwalimu mstaafu. Nyie mnaongea vizuri lakini naona mnachanganya kazi za mikono, ngoja niwanyooshe maana nashika kisu kila siku.

Samaki hakwaruzwi, samaki anaparwa. Unampara sato magamba yanatoka. Ukoko unakwanguliwa, na vocha pia unakwangua, kwa sababu kuna kitu juu unataka kitoke. Nazi inakunwa, ingawa huku ziwani tunaipata ya kununua kutoka pwani. Paka anaparura. Kukwaruza hakutoi kitu chenye faida. Ukimkwaruza samaki umemharibu, ngozi inachanika na mnunuzi anakuangalia vibaya.

Na kila kazi ina sauti yake. Kupara sato ni kreee fupi fupi, mimi nikiisikia najua hela inaingia, hainikeri. Ukianza kusikia kisu kinakwaruza ujue kimefika kwenye mfupa au kwenye meza. Binti akiwa mgeni kazini namrekebisha nikiwa nimempa mgongo, sina haja ya kugeuka.

#7. Kijana wa Maabara, Nyakato

Mama, hii ya kumrekebisha binti bila kugeuka ni fizikia tupu.

Nafundisha fizikia sekondari, na somo la msuguano huwa nalianzia na mkwaruzo. Mtumbwi ukivutwa juu ya jiwe hautelezi mfululizo. Unashika, unaachia, unashika, unaachia, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Kila ukiachia unatoa mshtuko mdogo. Mishtuko hiyo ikifuatana ndiyo sikio linaisikia kama ru-ru-ru. Mawe yetu ya Mwanza ni matale, yaani graniti, na tale lina chembe ngumu zilizojitokeza, ndiyo maana linakwaruza kuliko jiwe laini la mtoni. Ukienda pale kwenye Jiwe la Bismarck ukapitisha kiganja utaelewa ninachosema.

Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Lynn Halpern, Randolph Blake na James Hillenbrand, walitaka kujua kwa nini sauti ya kitu kikali kwenye ubao inawachukiza watu. Waliburuza kifaa cha bustani chenye meno matatu juu ya kibao cha jiwe, wakairekodi sauti. Wengi tungedhani kinachoudhi ni ule wembamba wa sauti. Wakaziondoa sauti nyembamba za juu, na watu bado wakachukia vilevile. Walipoondoa zile za chini na za kati, ndipo sauti ikavumilika.

Halafu mwaka 2015 Luc Arnal, David Poeppel na wenzao wakachunguza mayowe ya binadamu. Waligundua kwamba yowe la hofu lina kitu ambacho maneno ya kawaida hayana: nguvu ya sauti inapanda na kushuka haraka mno, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Maneno ya kawaida hupanda na kushuka polepole, mara chache tu kwa sekunde. Ving'ora vilivyotengenezwa na watu navyo vina tabia hiyohiyo. Walikuta pia kwamba sauti za namna hiyo zinaigusa sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari.

Kupanda na kushuka huko kwa haraka, nikiulizwa nikupe jina la Kiswahili, sitatafuta mbali. Ni mkwaruzo. Na kinapimwa peke yake, mbali na ukubwa wa sauti. Kwa hiyo mleta uzi, uliposema kelele ni ukubwa na mkwaruzo ni umbile, ulisema kile ambacho mashine inapima.

#8. Mzaliwa wa Kwimba

Kijana wa Maabara umenikumbusha mwano.

Sisi tuliokulia kijijini enzi Sungusungu wanaanza, miaka ya mwanzo ya 1980, tunaujua. Ng'ombe wakiibwa usiku unapigwa mwano, anayeusikia anaupokea, kijiji kinachofuata kinaupokea, mpaka mwizi anajikuta yuko katikati ya duara. Ule ukelele haukuwa wa furaha wala wa ngoma, na hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa tofauti. Ulikuwa unachana. Nilikuwa mdogo, nikiusikia nywele zinasimama kabla sijaamka vizuri.

Sasa naelewa kwa nini. Asante sana.

#9. Mpenda Ndege

Nachomekea moja tu. Ukiwa ufukweni asubuhi utamsikia kwarara anapita, sauti yake inapasua hewa: haa, ha-ha-haa. Jina lake na kukwaruza vinaanzana kwa sauti ileile. Na kuna kero, kukereza, kukereketa. Hivi vyote si vya ukoo mmoja?

#10. Mkufunzi Mstaafu

Ndugu Mpenda Ndege, hapo twende taratibu. Kufanana si udugu. Maneno mengi ya sauti kali yana k, kw na r kwa sababu kinywa chenyewe kikitaka kuiga ukali hakina njia nyingi. Kwarara huenda anajiita mwenyewe kwa mlio wake, kama ndege wengi. Siwezi kukuwekea mti wa ukoo hapa.

Ila kukereketa kuna jambo zuri. Koo likiwasha kwa ndani hadi ukakohoa, linakereketa. Koo likiwa limechubuka na sauti inatoka vibaya, sauti inakwaruza. La kwanza analisikia mwenye koo, la pili wanalisikia wengine. Na huyo anayekereketwa kwa ndani ndiye aliyetupa neno mkereketwa, mtu ambaye jambo linamwasha rohoni hadi hawezi kukaa kimya. Mmeona mashina ya wakereketwa chini ya miembe mjini humu, wengi hawajawahi kujiuliza neno limetoka kooni.

#11. Muuguzi

Samahani naingilia kwa upande mwingine. Mleta uzi, hiyo sauti ya mzee ina mikwaruzo tangu lini? Lugha ni nzuri, lakini sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, hasa kwa mtu mzima na zaidi kwa aliyewahi kuvuta sigara, lazima daktari amwangalie koo. Bugando kuna wataalamu wa masikio, pua na koo. Msije mkaisifia tu kwenye insha.

Na kwa kazi yetu tofauti hiyo ina maana kila siku. Mgonjwa akisema "sauti imekauka", "imekwama" na "inakwaruza", anatueleza mambo matatu. Aliyezoea kusema "sauti ni mbaya" tu anatupa kazi ya kubahatisha.

#12. Mwana wa Fundi

Dada Muuguzi, ubarikiwe. Ni ya miaka mingi, alianza nayo nikiwa sijaoa, na aliwahi kupimwa. Walisema nyuzi za sauti zimechoka kwa kufoka juu ya mashine. Lakini kwa kuwa umesema, mwezi huu nitampeleka tena.

#13. Mkerewe wa Nansio

Hakuna aliyegusa redio, nashangaa.

Sisi wa visiwani tuna redio inayokwaruza. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, enzi za karabai. Jioni kabla ya kutoka anawasha redio ya masafa ya kati, hasikilizi habari, anasikiliza katikati ya stesheni. Ikiwa kimya anabeba nyavu. Ikikwaruza kr-kr-kr, vipande vipande, na vipande vinakaribiana, anarudisha karabai ndani. Alikuwa hajui maelezo ya kitaalamu, alijua tu kwamba redio inakwaruza kabla anga halijaonyesha kitu. Baadaye nilisoma kwamba radi hutupa mawimbi ambayo redio hizo huyanasa kutoka mbali. Na ziwa letu lina radi za usiku, kila mvuvi anajua, joto la maji linanyanyua mawingu watu wakiwa wamelala.

Siku moja jirani yake alimcheka: "Unaogopa kelele za redio?" Mjomba akamjibu, "Kelele ningeenda nazo. Hii inakwaruza." Yule jirani alitoka usiku ule, akarudi salama, lakini alirudi ameshika mtumbwi uliojaa maji nusu.

#14. Jirani wa Mabatini

Huyu mjomba anatosha kumaliza mjadala.

#15. Mwana wa Fundi

Wakuu, nimerudi. Jana jioni nilikwenda kumsalimia mzee, nikamsomea uzi wote kuanzia mwanzo, pamoja na sentensi ya mjukuu wake. Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani amekasirika kwa kuandikwa hivyo.

Kisha akaniuliza kama namkumbuka marehemu mama alivyokuwa anajua saa ya kuwasha moto. Nikamwambia sikumbuki. Akanieleza.

Zamani, kabla hatujahamia Kitangiri, tulikaa ufukweni, nyumba ya tatu kutoka majini. Mzee alikuwa anakwenda kutengeneza mitumbwi upande wa Kamanga na kurudi usiku, saa yoyote, hakuna simu. Jirani zetu wa kulia walikuwa na kipande cha mchanga, mitumbwi yao ikitua haisikiki. Upande wetu ni mawe. Mama alikuwa analala usingizi wa nusu. Ngoma zipigwe mtaani, mbwa wabweke, walevi wapite wakiimba, haamki. Lakini mkuku ukikwaruza mawe yetu, hata kidogo, anakaa kitandani, anatafuta kiberiti. Mzee akifika mlangoni anakuta sufuria iko jikoni.

Nilimuuliza mbona basi alikuwa anawafokea vijana wasikwaluze. Akasema mtumbwi wa mteja ni wa mteja. Wa kwake alikuwa akiuacha ukwaruze makusudi hatua mbili tatu za mwisho, ingawa ulikuwa unamla mkuku, na kila mwaka alibadilisha ubao wa chini.

Mtoto alikuwa amekaa mkekani anasikiliza. Leo asubuhi nimeona ameichukua ile insha, amefuta "kelele" kwa kifutio mpaka karatasi ikachubuka, maana wino hautoki, na juu yake ameandika tena neno lake. Jumatatu naenda naye shuleni. Nitamwomba mwalimu anipe dakika kumi nimsimulie habari ya kiberiti.

#16. Mkufunzi Mstaafu

Nenda naye mzee mwenyewe. Mwalimu aisikie sauti.